Mgeni wa Uwanja wa Katikati

Jengo jipya la mpakani lilipofunguliwa, mlangoni pake palikuwa na mashine ya kuhesabu watu, na tangu siku ya kwanza mashine ile ilimzidi mgonga mihuri ya pasipoti kwa mtu mmoja. Yeye kagonga mia nne na kumi na mbili, mashine inasema mia nne na kumi na tatu.

"Labda inahesabu vivuli," alisema fundi wa umeme wa jua, akimkwepa macho. Kisha akashusha sauti. "Dada, hapa tulipopanua palikuwa uwanja wa katikati, si nchi hii wala ile. Tulipochimba tangi la maji ya mvua, tulisikia mtu anakohoa chini. Msimamizi akasema tumwage zege."

Mgonga mihuri alicheka. Miaka kumi na moja ya kubishana na madereva wa malori haimwachi mtu akitishwa na kikohozi. Kilichomkera ni hesabu, maana isipolingana kompyuta haifungi siku, na binti yake wa miaka sita alikuwa akimsubiri nyumbani kwa hamu, yeye na bibi yake. Basi jioni ya nne akajaza fomu ya mtu asiyekuwepo. Jina, akaandika Mgeni. Mahali anapofikia, kompyuta ikakataa kuachwa wazi, akaandika nyumbani kwake. Akagonga muhuri. Harufu ya udongo mbichi ilipanda ukumbini, na hesabu ikalingana.

Kesho yake, saa saba mchana, mama yake alipiga simu.

"Mgeni wako amefika," alinong'ona. "Mbona hukuniambia ni mrefu hivi? Kaingia ameinama."

"Mama, mtoe mtoto nje. Sasa hivi."

"Wameshatoka wote wawili. Amesema wanakuja huko kwako."

Kabla hajainuka kitini, foleni ikapasuka katikati bila mtu kuamrishwa, watu wakiziba pua kwa harufu ya udongo mbichi na kuvuta mabegi pembeni, na katika nafasi ile akaja binti yake, pekupeku, mkono mmoja ameunyoosha juu kabisa kama mtoto aliyeshikwa na mtu mzima, ila juu yake hapakuwa na mtu, na vidole vyake vilikuwa vimebonyea kwa kubanwa.

Akafika dirishani. Hakuwa analia.

"Mama, anasema kwake mmejenga, kwa hiyo anahama," alisema. "Tugongee muhuri wa kutoka. Sisi wawili."