Mlango Usio na Kioo

Khaled alikutwa amekufa nyuma ya usukani wa Peugeot 404 yake, kando ya njia ya Buterere, pale mashamba ya mpunga yanapoanza. Risasi moja ilikuwa imempiga shingoni, upande wa kushoto. Mtaa mzima wa Bwiza ulilijua gari lile: la buluu, la kizamani, lenye paa la turubai linalokunjwa. Asubuhi hiyo turubai lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua.

Inspekta Astère wa polisi ya upelelezi alimkuta Atumani, shemeji wa marehemu, amekaa kwenye majani, ameloa chapachapa.

"Watu walitoka mu mpunga, Shefu," alisema Atumani. "Na bunduki. Khaled alikuwa amesimamisha gari sababu ya maji yaliyojaa mu njia."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Pembeni yake. Nilifungua mulango, nikakimbia. Yeye alibaki anapandisha kioo. Wakapiga, kioo kikapasuka."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa nakimbia."

Ulikuwa mwaka 1997, nchi imo vitani, na habari kama hiyo hakuna aliyeiuliza mara mbili. Jalada lingeandikwa "watu wasiojulikana," likafungwa. Askari waliokuja na Astère walikuwa wameshageukia lori lao.

Lakini Astère aliingiza kichwa ndani ya gari. Alipapasa kiti. Alitazama mikunjo ya shati la marehemu, kisha sakafuni, kisha akachutama barabarani. Kioo cha mlango wa gari kikipigwa risasi humwagika chembechembe kama chumvi ya mawe. Hapakuwa na hata punje moja.

Alishika mkono wa kupandishia kioo, akauzungusha. Ulizunguka bure, kama cherehani iliyokatika mkanda. Akaomba bisibisi, akafungua ubao wa ndani wa mlango. Ndani mlikuwa mtupu. Kioo hakikuwemo, wala mashine ya kukipandisha.

Hakumwambia Atumani neno. Katika vita hivi alikuwa amesikia watu wengi wakidanganya kwa woga tu, wengine kwa aibu ya kukimbia na kumwacha mwenzao. Uongo peke yake haukumtia mtu hatiani. Alitaka kwanza kujua kioo kilikuwa wapi.

"Kwa Chabani, fundi," alisema Fadhila, mjane wa Khaled, macho yamemvimba. "Bwana yangu alitafuta vyuma vya ule mulango mpaka akachoka. Tangu mipaka ifungwe, hata bulo moja ya kukazia haiingii. Alienda mpaka Uvira, ng'ambo, akarudi mikono mitupu. Mwisho wakasema na Chabani watengeneze wenyewe."

Gereji ya Chabani ilikuwa uani, Bwiza. Kioo kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimeviringishwa blanketi. Kwenye jiliwa kilibanwa kipande cha chuma chenye umbo la nusu sahani, nusu yake imeshachongwa meno kwa tupa. Pembeni kilikaa kile cha zamani cha mashine ya kioo, meno yameisha.

"Innalillahi," alisema Chabani, akaweka tupa chini. "Nilimwambia aache gari hapa mpaka nimalize. Akasema apana, leo kuna safari, lazima."

"Safari gani?"

"Kwa mama Rosette, Buterere. Bwana yake, mwalimu Destin, alipotea tangu ile miaka mubaya. Khaled alisema Atumani iko na neno la kumwambia."

"Neno gani?"

"Hakusema. Alisema tu, asiposema leo, hatasema tena."

Ofisini, Astère alimpa Atumani kiti na kikombe cha chai.

"Khaled alikuwa anapandisha kioo?"

"Ndiyo, Shefu. Niliona."

"Kioo kipo kwa Chabani. Mimi mwenyewe nimekishika."

Atumani alitazama chai yake.

"Kwa Rosette mlikuwa mnaenda kusema nini?"

Atumani alikiweka kikombe chini.

"Destin alikuwa rafiki yangu," alisema. "Tulikula sahani moja. Siku ile tulitembea pamoja, vijana wenye silaha wakatusimamisha mu barriere, pale walipoziba njia. Mimi walinijua. Wakaniuliza: huyu unamujua? Ningesema ndiyo, ni mutu wetu wa Bwiza, labda wangemuacha. Labda wangetubeba wote. Nikasema simujui."

"Wakamchukua."

"Wakamuua palepale. Mi nilirudi kwa Rosette, nikasema sikumuona. Mpaka leo anamungoja. Nilishindwa kulala, nikamwambia Khaled. Yeye akasema twende, useme, mama yule ana haki ya kulia. Nikakubali. Wallahi nilikubali."

"Halafu?"

"Aliposimama kwa sababu ya maji, niliona manyumba ya Buterere. Nikasema turudi. Akasema apana. Akasema, nikishindwa, yeye atasema. Bastola nilikuwa nayo, siku hizi nani hana? Nilishuka, nikazunguka upande wake. Singeweza kuona uso wa yule mama, Shefu. Nikaona heri nisione tena wa Khaled, nikapiga." Alijifunika macho. "Bastola iko mu maji ya mpunga."

Astère aliandika, Atumani akatia sahihi. Kazi ya polisi ilikuwa imekwisha, na angeweza kumpeleka mtu huyu gerezani bila neno zaidi. Lakini Khaled alikuwa amekufa njiani, na safari yake ilikuwa haijafika. Astère alituma gari Buterere.

Rosette alikuja na viatu vyenye tope, akakaa kwenye kiti cha ukutani. Atumani alimwambia yote akiwa amesimama, pingu mikononi, bila kuinua kichwa. Mama yule hakulia. Atumani alipomaliza, yeye aliuliza jambo moja.

"Uliposema humujui, yeye alisema nini?"

Atumani alikuwa hajamwambia hilo hata Khaled.

"Aliniangalia," alisema. "Halafu akawaambia: ni kweli, hatujuani. Mumuache aende."

Rosette alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyeisikia tena sauti anayoijua.

"Ni yeye," alisema. "Ni Destin kabisa."

Hapo ndipo alipoanza kulia, na Astère akatoka nje na Atumani, akamrudishia mlango alie peke yake.