Hodi Kutoka Ndani

Yolèn alikuwa anatoka sokoni Jakmèl na wanga wa muhogo wa kupikia gundi. Giza linaingia. Kanivali imekaribia, na nyumba yake na mumewe Antenò, watengeneza vinyago vya karatasi, haina pa kukanyaga: mashetani yenye pembe yananing'inia darini, kasuku wa karatasi wamejaa beseni la kuogea, kitanda kimebanwa na makopo ya rangi. Majirani wanaiita nyumba ya vichaa. Waseme tu.

Lakini leo, alipofungua mlango, redio yao ya kila siku ilikuwa kimya. Na harufu... harufu ya tope la mtoni.

Antenò alikuwa amekaa dirishani, kavaa kinyago kipya.

"We mzee, acha michezo yako!"

"Usiwashe taa," akanong'ona.

Yolèn akawasha.

Jamani! Ulikuwa uso wa Nadèj, binti yao, aliyesombwa na mafuriko mwaka jana. Hata mwili haukuonekana.

"Nilikuwa natengeneza shetani, naapa. Mikono ikaenda yenyewe. Nikakijaribu... Hakitoki, Yolèn."

Yolèn akavuta ukingo. Ngozi ya shingo ikavutika pamoja nao.

"Kinapiga hodi tangu mchana," Antenò akasema. "Kinataka kuingia ndani yangu. Usiitikie, mke wangu. Ukiitikia tu, mimi nimekwisha."

"Hodi..."

Midomo ya karatasi ilitikisika. Sauti ya mtoto.

"Si yeye!" Antenò akalia. "Nadèj alikuwa bubu! Lini uliwahi kusikia sauti yake?"

Kweli. Tangu azaliwe hadi maji yanamchukua, mtoto yule hakutamka neno. Yolèn alijua. Alijua vizuri kabisa, na roho ikamuuma, maana maisha yake yote alikuwa ameomba jambo moja tu: aitwe mama, hata mara moja.

"Mama... hodi."

"Usi..." Antenò akaanza.

"Karibu, mwanangu."

Neno lilikuwa limeshamtoka.

Kinyago kikadondoka chenyewe sakafuni. Antenò akainuka polepole. Uso ulikuwa wake, mikono yake, shati lake lenye rangi. Akazunguka chumba akishikashika vitu, kama mpangaji mpya.

Yolèn akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Nadèj?"

"Simjui." Sauti ilikuwa ya kizee, si ya mumewe wala ya mtoto.

"Antenò?"

"Ametoka."