Sikio la Injini

Magige alikuwa na ugonjwa mmoja wa mdomo, nao ni neno "karibu". Gereji yake pale Suna, Migori, haikuwa na mlango wala geti. Ilikuwa mabati manne na shimo la kuingilia chini ya gari. Lakini mtu akigonga popote, hata mbuzi akijikuna kwenye bati, ungemsikia Magige kutoka chini ya injini: "Karibu!" Hata kuangalia ni nani, haangalii. Mkewe Monicah alikuwa akimcheka sana kwa jambo hilo.

"Wewe siku moja utamkaribisha mwizi, umpe na chai."

Nasi tucheke, lakini kidogo. Neno likishatoka mdomoni halina breki.

Alasiri moja, Magige alikuwa nyuma ya lori la samaki lililokuwa likirudi tupu Karungu, kando ya ziwa. Mfuko wa spana ulikuwa katikati ya miguu yake, na ndani yake, kimefungwa kwa gazeti, kifaa kidogo cha kutosha kiganjani. Hakutaka safari hiyo. Mimba ya Monicah ilikuwa imepita siku zake, na asubuhi, akimmiminia chai, alikuwa amesema kitu kilichomkaa Magige rohoni kama mwiba.

"Huyu mtoto wako ni mvivu. Siku hizi hata teke hapigi. Urudi leo, Baba."

Mkunga alikuwa amesema wangoje. Magige akasema atarudi. Akaenda, kwa sababu huko Karungu kulikuwa na mtoto mwingine, na huyo alikuwa na homa ya kufa.

Mama wa mtoto huyo aliitwa Dorine, mchuuzi wa samaki. Mumewe, Walter, alikuwa amemezwa na ziwa miezi miwili nyuma. Mtumbwi ulipatikana umenaswa kwenye gugu maji. Yeye hakupatikana. Alichomwachia mkewe ni binti mmoja, Emma, na gari dogo la Kijapani, yale yaliyokuwa yakiingia nchini kutoka Dubai yakiwa na kompyuta ndani. Tangu Walter apotee, gari lilikuwa na vituko. Mchana linapanda mlima bila shida. Jua likitua tu, nguvu kwisha.

Wiki moja kabla, Dorine alikuwa amelileta Suna na dereva wa kuazima. Magige alichomeka kipande cha waya kwenye kile kisanduku kidogo chini ya boneti, na taa ya injini ikaanza kukonyeza kwenye dashibodi. Inakonyeza, inapumzika, inakonyeza tena. Fundi anayejua husoma kukonyeza huko kama wewe unavyosoma gazeti. Taa ilikuwa inasema: sikio.

"Sikio gani tena?" Dorine aliuliza.

"Hii injini iko na sikio, Mama Emma. Limefungwa hapa ubavuni. Kazi yake ni kusikiliza kama kuna kitu inagonga huko ndani. Likisikia kugonga, kompyuta inapunguza nguvu, injini isijivunje. Sasa hili lako limeharibika. Linasikia vitu haziko."

Dorine aliinama, akaiangalia injini.

"Una hakika haziko?"

Magige alicheka. Akaahidi kutafuta sikio jingine. Kabla hajalipeleka, ujumbe ukaja: Emma ana malaria, ameanza kushtuka-shtuka, zahanati wamesema akimbizwe Homa Bay. Gari la abiria lilikuwa limeondoka alfajiri. Lililobaki ni hilo la Walter. Dorine hakujua kuendesha, na mpaka Magige afike ingekuwa jioni, saa ambayo lisingepanda vilima vya Ndhiwa bila kutengenezwa.

Lori lilimshusha Karungu jua likiwa linazama. Boma la Dorine lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na maji. Harufu ya omena iliyoanikwa. Upepo wa ziwani umeanza. Emma alikuwa ameshalazwa kiti cha nyuma cha gari, amefunikwa blanketi, midomo imekauka, macho nusu wazi. Magige alimgusa paji la uso akautoa mkono haraka.

"Dakika chache tu, Mama Emma. Tutaondoka."

Aliingiza mkono chini kabisa, pale injini inapokaa na uchafu wake wote, akalegeza sikio la zamani kwa kupapasa. Akafunga jipya. Akachomeka waya. Akamwambia Dorine akae kwenye usukani, awashe, akanyage mafuta kidogo na asiachie.

Sasa kuna namna ya kulijaribu sikio. Unachukua taa ya taimingi, ile inayowaka na kuzima kwa mwendo wa plagi, unaimulika puli ya mbele, lile gurudumu la mkanda. Ile alama iliyochorwa kwenye puli, ingawa inazunguka kwa kasi, utaiona imesimama tuli. Kisha unagonga ubavu wa injini kwa spana. Sikio likiwa zima, alama inarudi nyuma kidogo. Limesikia.

Magige aligonga. Ko.

Alama ikarudi nyuma.

"Iko sawa!" alipiga kelele. "Mama Emma, tumemaliza!"

Akaweka spana chini.

Alama ikarudi nyuma tena.

Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ikatulia... Kisha tena, mara tatu. Ikatulia.

Magige aliinama, akatega sikio lake mwenyewe. Injini ilikuwa ikinguruma safi kabisa. Hakuna kilichokuwa kikigonga. Alitukana kimoyomoyo yule aliyemuuzia kifaa kibovu. Akachomoa waya, lakini hapo kompyuta ikaogopa na kupunguza nguvu zaidi. Akazima, akafungua, akarudisha lile sikio la zamani. Akamulika.

Mara tatu... Kimya. Mara tatu... Kimya.

Sikio moja linaweza kudanganya. Masikio mawili hayawezi kudanganya uongo mmoja.

"Fundi." Dorine alikuwa ameshusha kioo. Alinong'ona. "Ni mara tatu, sivyo? Halafu inanyamaza."

"Umejuaje?"

"Walter akitoka ziwani usiku alikuwa anabisha hivyo."

Magige alirudisha lile sikio jipya, maana mikono yake ilihitaji kazi. Na hapo ndipo kelele zilipoanza.

Zilianzia mbali, ng'ambo ya ghuba. Sufuria zinagongwa. Mabati yanapigwa kwa fimbo. Boma baada ya boma yakapokezana, kelele zikija huku pamoja na upepo, na sauti za watu zikiita, "Nyawawa! Nyawawa! Piteni, piteni!" Magige ni Mkuria wa Isebania, lakini alikuwa amekaa na Wajaluo miaka ya kutosha kujua. Nyawawa ni wale wasio na kwao. Wanapita na upepo wa ziwa jioni, wakiita watu. Mwenye boma hugonga chuma ili wapite. Na hata wakikuita kwa jina lako, usijibu.

Boma la jirani likagonga. Kisha ikawa zamu ya Dorine.

Dorine hakugonga kitu.

"Mama Emma, mbona hugongi?"

"Miezi miwili sijagonga." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Wakwe zangu wanataka tuzike tunda la mti wa yago kwa kaburi badala ya mwili, wanasema huyo ndiye Walter, tumalize. Nimekataa. Nikigonga, fundi, atapita. Atapita mara moja, na hana mahali pa kwenda."

"Na ukimjibu?"

"Yawa! Kumjibu naogopa."

Magige alielewa sasa. Mtu alikuwa amesimama mlangoni miezi miwili, hafukuzwi wala hakaribishwi. Na gari lilikuwa likimsikia.

"Mama Emma." Alisema kwa upole. "Huyo ameshakufa. Huyu hapa nyuma bado. Na mlima gari haitapanda hivi."

Dorine aligeuka akamtazama binti yake. Emma alikuwa ameanza kutetemeka chini ya blanketi. Mama alifunika uso kwa mikono miwili.

"Gonga basi," alisema. "Mwambie apite. Nisamehe, Walter. Gonga!"

Magige aliinua spana kubwa juu ya bampa. Upepo ukakatika ghafla. Kelele za maboma zikanyamaza kama zimezimwa. Ikaja harufu nzito ya matope na gugu maji lililooza...

Na safari hii alisikia kwa masikio yake. Kwenye mlango wa nyuma wa gari, taratibu, kwa adabu.

Ko. Ko. Ko.

"Karibu!" mdomo wa Magige ukasema.

Ulisema wenyewe. Ule ugonjwa.

Mlango wa nyuma haukufunguka. Lakini gari lilishuka upande mmoja, springi zikalia, kama linavyoshuka mtu mzima anapoingia. Magige alimulika puli. Alama ilikuwa imesimama tuli. Injini ilikuwa na nguvu zake zote.

Dorine alitoka kwenye usukani polepole. Hakulia tena.

"Umesema nini, fundi?"

"Nimeteleza, Mama Emma. Wallahi nimeteleza."

"Mgeni ni wa aliyemkaribisha," alisema, akaenda kukaa nyuma na mtoto wake.

Magige aliendesha. Angefanya nini? Mtoto alikuwa anakufa. Gari lilipanda vilima vya Ndhiwa bila kusita hata mahali pamoja, ingawa nyuma lilikuwa limelala kwa uzito. Katikati ya mlima wakasikia sauti ya Emma, ndogo, kavu.

"Mama, sogea. Baba ana baridi."

Magige alitazama kioo. Aliona Dorine peke yake na mtoto mapajani. Lakini Dorine alikuwa amebanwa mlangoni kabisa, kama abiria kwenye kiti kilichojaa.

"Baba anasema asante," Emma akaendelea. "Anasema hashuki hospitali."

"Anashuka wapi, mama?" Dorine alinong'ona.

"Kwa fundi."

Homa Bay waliwahi. Muuguzi alimpokea mtoto, akamtundikia maji, akasema wangechelewa kidogo tu wangekuwa na msiba. Akamgombeza Dorine kwa nini amemfunika mtoto mgonjwa blanketi lililolowa. Magige hakuuliza lilipoloweshwa. Alilala kwenye benchi la nje, na kulipokucha aliacha funguo kwa Dorine akapanda gari la abiria kurudi Migori. Njia nzima alikaa peke yake kwenye kiti cha watu wawili. Gari lilikuwa limejaa, watu wamesimama, lakini kila aliyekitazama kile kiti alipita. Mama mmoja alimwambia, "Si kuna mtu hapo."

Alifika Suna jua limeshapanda. Monicah alikuwa mlangoni pa nyumba yao, mikono kiunoni, uso unang'aa kwa furaha. Magige alikuwa amesahau uso ule ulivyo ukifurahi.

"Umekuja! Njoo, njoo haraka. Yule mvivu wako ameamka!"

"Ameamka lini?"

"Si jana jioni? Nilikuwa nasonga ugali, nikamsikia. Tangu hapo hajaacha. Lete mkono."

Aliuchukua mkono wa mumewe, ule ule ulioshika spana, akauweka tumboni.

Ko. Ko. Ko.

Kimya.

Ko. Ko. Ko.

Magige alitaka kuuondoa mkono akashindwa. Alikuwa ameomba Mungu siku ngapi kwa ajili ya teke moja tu la mtoto huyu? Machozi yalimjaa, na mwenyewe hakujua ni ya furaha au ya hofu.

"Anabisha hodi," Monicah alicheka. "Haya, mjibu mwanao. Wewe unayekaribisha hata mbuzi, leo umekuwa bubu?"

Magige alitikisa kichwa. Alijaribu kusema, "Usimjibu." Lakini Monicah hakungoja.

"Wanaume nyinyi! Basi mimi nitamjibu." Akainama juu ya tumbo lake, akasema kwa sauti ya mapenzi, "Karibu, mwanangu. Karibu nyumbani."

Chupa ya uzazi ikapasuka palepale. Maji yakatiririka kwenye sakafu ya udongo, na Magige, aliyekuwa amepiga magoti kumshika mkewe, akasikia harufu ya gugu maji.

Alikuwa mtoto wa kiume, mzima, mzito. Walimwita Chacha, jina la babu yake. Alilia. Alilia mchana na usiku, akakataa ziwa, sauti ikakauka, mkunga akaanza kuwaambia wajiandae. Hapo Magige alimchukua akatoka naye nje ya nyumba, akamwekea mdomo sikioni, akaliita lile jina jingine: Walter. Mtoto alinyamaza. Akamtazama kwa macho makavu. Akaanza kunyonya.

Kule Karungu, Dorine alikubali hatimaye. Walizika tunda la yago, na Emma, aliyepona, alitupa udongo wa kwanza. Gari halijawahi kukosa nguvu tena.

Ukimwona yule kijana leo, ni mtoto kama wengine. Anacheza mpira wa makaratasi, anaiba sukari. Ana jambo moja tu. Hawezi kuingia nyumbani kwao bila kubisha. Hata mlango uwe wazi, hata baba yake awe amekaa pale pale anamwona, atasimama kizingitini, atagonga fremu mara tatu, atanyamaza, atangoja. Monicah akiwepo humkaribisha huku akicheka. Asipokuwepo, mtoto husubiri nje, hata mvua ikinyesha, akimtazama baba yake.

Magige humpenda. Hutoka nje mvuani, akambeba, akamwingiza ndani kwa mikono yake. Lakini neno lile, tangu siku ile, halijamtoka tena.