Jino Lililoungwa

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalitokea nyumbani kwa mdogo wangu wa tumbo moja, na kwa sehemu kubwa nilikuwepo, nikiwa na akili zangu zote na nimeshiba. Mdogo wangu kanisani anaitwa Thaddeus Manigault. Nyumbani tunamwita Cudjo, kwa sababu alizaliwa Jumatatu, na huku kwetu kila mtu ana jina la kanisani na jina la jikoni.

Jumamosi ile ya Januari ilianza vizuri kabisa. Tulikula kiporo cha wali na kunde za Mwaka Mpya, jua likatoka ingawa halikuwa na nguvu, na Cudjo akanishawishi niende naye kijitoni kutafuta meno ya papa. Sisi huyatafuta wakati wa baridi. Maji hupungua na kuwa maangavu, nyoka wamelala, na mamba hana hamu na mtu. Kiangazi tunawaachia watalii na mbu wao.

"Dada Binah, vaa soksi mbili," aliniambia. "Ukiugua, mimi nitakula kwa nani?"

"Una mke."

"Vernell anapika chakula cha watu wa milimani. Hata pilipili hakijui."

Vernell alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni, na alikuwa amesikia yote. "Leo utatafuna hayo meno yako," alimwambia mumewe. "Wifi, mtupe kijitoni ukiweza." Tukacheka. Mtoto naye akacheka, bila jino hata moja kinywani. Aliitwa Odessa. Kabla yake mimba kadhaa ziliharibika, na katika wote ni yeye tu aliyekaa. Nyumba ile ilikuwa ikiamka na kulala kwa kumtazama yeye.

Kijito chetu kinapita nyuma ya mashimo ya zamani ya fosfati. Utumwa ulipokwisha, babu zetu walichimba mawe pale ya kutengenezea mbolea, wamesimama majini hadi kiunoni, baridi na joto. Wengine walizikwa papo hapo ukingoni, maana kuwabeba hadi kanisani ilikuwa mbali. Meno ya papa hutoka katika mawe hayohayo. Ni ya papa waliokufa kabla dunia haijamjua mtu, meusi, yamegeuka jiwe, na mengine ni makubwa kuliko kiganja. Kazi yenyewe haina siri. Unachota changarawe kwa koleo, unamimina kwenye chekeche, unatikisa majini, unatazama, unamwaga. Kisha unaanza tena, mpaka vidole vife ganzi.

Mimi nilibaki kwenye kona ya chini. Cudjo alipanda juu, mahali ambapo dhoruba ya vuli ilikuwa imebomoa ukingo. Baada ya muda akaniita kwa mkono. Kiganjani alikuwa na jino ambalo sijawahi kuona mfano wake, limevunjika katikati, vipande viwili.

"Vyote vilikuwa pamoja," alinong'ona. Watafuta meno hunong'ona wakipata kubwa, hata kama hakuna mtu karibu. "Kimoja juu ya kingine. Umewahi kuona wapi?"

Sijawahi. Jino likivunjika, maji hupeleka nusu moja kwingine, na nusu hiyo huioni tena maishani.

"Kulikuwa na nini kingine?"

"Takataka tu."

Nikaridhika. Baridi ilikuwa imeniingia mifupani na nilitaka kahawa.

Sasa, mdogo wangu ana kipaji kimoja nacho ni kuunga meno. Ana gundi yake, ana unga anaousaga kutoka kwenye meno mabovu, ana msasa mwembamba. Akimaliza, hata mwenye duka anayeyanunua haoni kovu. Alilishughulikia jino lile jioni baada ya jioni, na lilipokamilika akaona uchungu kuliuza. Akaliweka kwenye rafu juu ya jiko la kuni, katika chumba ambacho mtoto alikuwa akilazwa ili apate joto. Ukilielekeza kwenye mwanga uliona mstari mwembamba wa kahawia umelikata katikati. Vinginevyo lilikuwa zima.

Haukupita muda, Vernell akanipigia simu.

"Wifi, njoo. Mtoto hana joto."

"Ana homa?"

"Sijasema ana homa. Nimesema hana joto."

Nilifika asubuhi, ukungu umeshuka mpaka chini, mti wa uani huuoni. Odessa alikuwa amelazwa karibu na jiko ndani ya mablanketi. Nilimshika miguu, nikaiachia haraka. Ilikuwa na baridi ya maji ya kijitoni. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua, akakikuta safi, akawaambia wamfunike vizuri. Halii, hanyonyi, anatazama dari tu. Nilipoinama kumbusu, nywele zake zilinuka tope la kinamasi.

"Nimemwogesha jana na leo," Vernell alisema kabla sijauliza.

Kwenye shuka, chini ya kichwa cha mtoto, kulikuwa na changarawe nyeusi. Kidogo tu, ya kujaza kijiko. Vernell alisema ni buti za Cudjo. Cudjo alisema buti zake haziingii ndani, ziko kibarazani tangu Jumamosi ile. Wote wawili walikuwa wamechoka kiasi kwamba hawakuwa na nguvu ya kugombana.

"Sikiliza," Vernell aliniambia.

Nyumba zetu zimeinuliwa juu ya nguzo fupi kwa ajili ya mafuriko, na chini ya sakafu kuna uwazi ambao mbwa hujilaza. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia.

Chwa. Chwa. Chwa.

Kimya kidogo.

Kisha kitu kikamwagwa.

Chwa. Chwa.

Niliijua sauti ile. Koleo. Chekeche. Tikisa. Tazama. Mwaga. Kulikuwa na mtu chini ya nyumba anachekecha changarawe, na hakuwa na haraka.

Cudjo alitoka na tochi. Tulimsikia akitambaa chini, akakohoa, akasema kwa sauti, "Hakuna kitu. Mchanga mkavu tu." Wakati anasema hayo, chekeche iliendelea kutikiswa. Ilikuwa chini ya kitanda cha mtoto hasa. Vernell akakivuta kitanda hadi upande wa dirisha, dirisha tulilolipaka buluu ili mizimu isiingie. Sauti ikahama. Ikatulia chini ya dirisha.

Cudjo aliporudi ndani nilimshika mkono.

"Zile takataka za kijitoni zilikuwa nini?"

"Vikombe. Na taa ya mafuta, ya zamani."

"Vizima?"

Nilimwona anavyokumbuka. "Vimetobolewa chini," alisema. "Vyote."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mna nini?" Vernell aliuliza. "Semeni na mimi nielewe. Ni mwanangu."

Nikamwambia. Huku kwetu marehemu huwekewa juu ya kaburi vitu alivyovishika mwisho. Kikombe, sahani, saa yake. Ila kabla ya kuviweka tunavivunja. Kifo ni mnyororo, kinapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu wa karibu, na ukivunja kile kitu umeukata mnyororo. Hatuviokoti. Hatuviungi.

Vernell aligeuka polepole akaitazama rafu.

"Mchimba mawe," alisema, "mwisho wake angeshika nini?"

Cudjo aliijua desturi ile vizuri. Sahani ya marehemu mama yetu aliivunja yeye, kwa mkono wake, analia. Lakini mtu aliyezoea kutafuta meno, akiona jino kijitoni huona jino. Angeona kikombe peke yake angekimbia. Aliona jino, akaona na dosari, na mikono yake ikamwasha kuirekebisha.

Alichukua nyundo. Nikamzuia.

"Si hapa. Livunjwe pale lilipowekwa. Na mtoto apitishwe."

"Apitishwe wapi?" Vernell aliuliza.

"Juu ya kaburi. Mkono kwa mkono, jina lake likitajwa. Msibani tunawapitisha watoto juu ya jeneza ili marehemu asiwafuate."

"Mtoto anakufa kwa baridi, na wewe wifi unataka nimpeleke kwenye baridi. Tena kwa maiti msiyemjua."

"Sisi hatumjui. Yeye ameshamjua mtoto."

Chini ya sakafu, changarawe ikamwagwa. Vernell akanyanyua blanketi.

Ukungu ulikuwa mzito zaidi kule kijitoni. Cudjo alitangulia, sisi tukashika koti lake. Pale ukingo ulipobomoka, shimo lilikuwa wazi, vikombe vimelala ndani yake na maji yametulia chini. Aliliweka jino juu ya jiwe. Akapiga.

Halikuvunjika.

Akapiga tena. Nyundo ikaruka. Jino lilikuwa vilevile.

"Gundi yako," nilinong'ona.

"Gundi haiwezi hivi, dada."

Ndipo Odessa akalia. Mara ya kwanza tangu augue. Alilia kwa kinywa wazi, kichwa nyuma, mikononi mwa mama yake. Na kwenye kona ya juu, ndani ya ukungu, kitu kikajibu.

Chwa. Chwa.

Karibu zaidi.

Chwa.

Hakuna hatua za miguu. Hakuna maji kutikisika. Chekeche tu.

Cudjo alipiga magoti. "Baba, unisamehe," alimwambia aliyezikwa pale, kwa sauti ya chini. "Sikujua ni lako." Akapiga.

Likavunjika palepale pa zamani. Kibanzi kikaruka, Vernell akafumba macho, akamkinga mtoto kwa bega. Cudjo akaviweka vipande shimoni, kimoja juu ya kingine. Mimi nikasimama upande mmoja wa shimo, Vernell upande wa pili.

"Odessa Manigault," nilisema. "Odessa Manigault ni wetu. Anarudi nyumbani."

Vernell akaninyoshea mtoto. Nikamshika kwapani. Katikati, juu ya shimo, akawa mzito. Mzito kuliko mtoto yeyote niliyewahi kubeba. Blanketi lilikuwa limenyooka kuelekea chini, limekaza, wala halikuwa limenasa popote. Vernell alikuwa hajamwachia. Tukatazamana. Nikalitaja jina tena, sasa nikilia, na naona aibu kusema nilipiga kelele.

Blanketi likalegea.

Kijito kizima kikanyamaza. Nilimbana mtoto kifuani, na kabla hatujafika kwenye gari nilihisi jasho lake shingoni mwangu. Jasho la moto. Sijawahi kufurahia jasho la mtu kiasi kile. Vernell alicheka na kulia kwa pamoja, akamnyonyesha palepale kwenye kiti cha mbele.

Cudjo alichelewa kuja. Nilirudi kumfuata, nikamkuta anapapasa tope kwa mikono mitupu.

"Kuna kipande hakipo," alisema. "Kidogo. Cha kwenye ncha."

"Maji yamekichukua."

"Kiliruka upande wenu."

"Maji yamekichukua, Cudjo. Twende, mtoto anapoa." Na niliamini hivyo.

Odessa alipona, akanenepa, akatambaa. Cudjo alichoma chekeche yake uani, akaanza kazi ya kupaka rangi nyumba za watu. Majira ya machipuko jino la kwanza la mtoto likatoka, la mbele, chini. Vernell alidhani ni chakula kimenata, akalisugua kwa kitambaa. Halikutoka. Lilikuwa jeusi.

Daktari wa meno alisema ni doa, yatakayofuata yatakuwa meupe. Kweli, yote yaliyofuata yalikuwa meupe. Siku moja nilimpakata, nikapitisha kidole juu ya lile jeusi. Ukingo wake una vijino kama msumeno, kama jino la papa. Kidole kilitoka damu. Sikumwambia Vernell, na nadhani naye kuna siku kidole chake kilitoka damu, hakuniambia.

Sasa Odessa anasoma shule, anaimba kwaya ya watoto, ana mdomo mrefu kuliko baba yake. Jumapili iliyopita tulikaa mezani kwao baada ya ibada. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi. Odessa akaacha kula, akatia kidole kinywani.

"Shangazi, tazama. Jino langu jeusi linacheza."

Cudjo aliweka uma chini. Vernell alinitazama mimi. Likidondoka, sijui kama yule mzee wa kijitoni atakuwa amerudishiwa kilicho chake na kuridhika, au atamtaka na aliyekibeba. Sijui kama linapaswa kuvunjwa, wala nani ana mkono wa kulivunja. Naogopa, na nasema wazi kwamba naogopa.

Odessa aliinamisha kichwa, akatazama sakafu chini ya kiti chake.

"Baba," aliuliza, "nani anamwaga mawe huko chini?"

Tulikuwa tumeyasikia tangu tulipofumba macho kuombea chakula.