Ramani ya Kaisari

"Kunguru, wamefika?"

Redio ya Motorola ilikwaruza kifuani mwa Gavrilă Todea. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani ya misonobari yaliyolowa. Goti bovu, kikohozi cha sigara, bastola ubavuni, na miaka hamsini na minane mgongoni.

"Wamefika. Wageni watatu. Na Nuțu."

"Nuțu ndiye nani?"

"Rafiki yangu tangu utoto."

"Endelea kuwatazama," makao makuu ya usalama wakaamuru.

Wageni walikuwa wameiba ramani ya milima ya Runcu, ile ya enzi za Kaisari wa Vienna, yenye kila korongo na kila mlango wa machimbo. Walitaka handaki moja tu. Humo kiwanda kilichokufa kilificha mapipa ya sumu, na sumu hiyo ina wanunuzi. Pipa moja likipasuka, mto wa Runcu kwisha habari yake. Mama yake Gavrilă bado alichota maji huko.

Ila ramani ilikuwa na uongo. Wazee wa Runcu walimnywesha mpimaji wa Kaisari palinka, pombe yao kali ya matunda, wakamwonyesha mashimo yasiyo yenyewe, ili serikali isijue wanakochimba dhahabu. Kila mtu kijijini alilijua hilo.

Nuțu pia.

Gavrilă alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Alichoka kuwawinda watu aliokula nao sahani moja.

Chini, kundi lilisimama njia panda. Kulia, mapipa. Kushoto, shimo lisilo na mlango wa pili.

"Ramani inasema kushoto," alisema kiongozi wa wageni. "Wewe mzee unasemaje?"

Gavrilă akamlenga Nuțu. Nuțu akisema kulia, angempiga risasi, ingawa moyo ulimuuma.

Nuțu alijikuna kisogo. "Mimi nani nibishane na Kaisari? Kushoto."

Wakaingia wote.

Muda si muda Nuțu akatoka peke yake. "Nafuata betri za tochi, wakubwa!" alipaza sauti. Kisha akavuta lango la chuma la shimo, akatia komeo.

Kelele zikaanza ndani.

"Toka huko, Gavrilă," Nuțu aliita akielekea misonobari. "Unakohoa kama mbuzi."

Gavrilă alishuka akichechemea. "Kwa nini ulikubali kuwaongoza?"

"Ningekataa, wangemchukua mwingine." Nuțu aliitazama bastola iliyokuwa bado mkononi. "Ungenipiga?"

Kudanganya kulikuwa kazi yake. Leo hakuwa na nguvu ya kazi.

"Ndiyo."

Nuțu alitikisa kichwa polepole. "Basi jioni usije kula kwangu."

Gavrilă akabonyeza redio. "Watatu, wamefungiwa. Njooni mwachukue."

Akairudisha bastola ubavuni, akawasha sigara, akashika njia ya bondeni bila kugeuka.