Mguu wa Mwakitete

"Umemponya?" nikamwuliza. "Nani aliyekutuma umponye?"

Abdulkadir, mchumba wangu, alikuwa amesimama kizingitini na gazeti la Mombasa lenye hadithi yake mkononi, anangoja nimsifu. Zilikuwa zimebaki siku nne tuoane.

"Kibibi, hebu soma mpaka mwisho kwanza."

"Nimesoma. Jini limemnyoosha mguu, kapewa na jambia, kaua watu saba. Huyo si Mwakitete. Huyo mtu simjui."

Msambweni nzima ilimjua Mwakitete. Marehemu baba ndiye aliyemtunga, akamjaza kwenye madaftari: shujaa anayechechemea, hajapata kushika silaha, anawashinda majini kwa kuwa anakwenda taratibu na kuyaona wanayoyapita wenye mbio. Baba alipofariki, miye mwenyewe nilimkabidhi Abdulkadir yale madaftari, maana ni mwalimu na maneno anayajua. Nilimwambia aendeleze. Sikumwambia ageuze.

"Mhariri ndiye aliyetaka," akasema. "Tumepata uhuru juzi tu. Watu wanataka shujaa mzima. Nani atamsoma mtu anayechechemea?"

Nikapiga hatua moja kumwendea. Naye akatazama chini, akauona mguu wangu wa kushoto, huu ulionyauka nilipougua nikiwa na miaka mitatu.

"Sikuwa na maana hiyo, Kibibi."

"Baba alimtunga Mwakitete mwaka nilioanza kutembea tena. Ulidhani ule mguu aliuokota wapi?"

"Hukuniambia."

"Miaka miwili wanitazama nikitembea, na madaftari unayo. Nikwambie nini tena? Nenda zako, mwalimu."

Kesho yake akaleta barua: "Nisamehe. Gazeti limeshatoka, siwezi kulirudisha. Nifanyeje?" Sikumjibu. Nililia kwa hasira, tena hasira nyingine nilijikasirikia mwenyewe, kwa kumpa madaftari ya baba.

Alhamisi akaja Ami Mwero, nduguye baba na walii wangu, kuniuliza mahari kama ilivyo ada.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Haya, wataka nini? Wenzio hutaja mikufu."

"Nataka mguu wa Mwakitete urudi ulivyokuwa. Aandike, asome mbele ya mashahidi kabla hamjaniozesha. Akikataa, ndoa hakuna."

"Mwanangu, hiyo nayo ni mahari?"

"Mahari ni yangu, ami. Ongeza na msahafu mmoja, shehe asipate la kusema."

Ami akatikisa kichwa, akaenda zake.

Ijumaa nikakaa ndani na hina mikononi, sijui naolewa au naachwa. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa, kimya. Hasira ilikuwa imeniisha, imebaki hofu, maana nilimpenda mtu yule. Mwisho Ami akaingia, kofia mkononi.

"Amesoma?"

"Amesoma, mbele ya msikiti mzima. Mwakitete alikuwa akikimbia na mguu wake mpya, mtu akamwita nyuma, asimsikie kwa zile mbio. Alipogeuka, hakumkuta. Basi akalirudia jini, akaliambia, chukua mguu wako, nipe wangu. Nina mtu wa kutembea naye."

Nikalia mpaka wanja ukanichuruzika.

"Na msahafu huu hapa," Ami akasema. "Umeshaozwa, mwanangu. Mumeo yuko mlangoni."

Abdulkadir akaingia polepole, kanzu mpya, macho chini.

"Umeridhika, Kibibi?"

"Kwa mguu, nimeridhika. Lakini lile jambia bado analo."

"Mhariri atasema…"

"Keti hapa," nikamwambia. "Kalamu unayo?"