Picha ya Spika Sita

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi ya tarehe 12 Agosti 2006, Milembe alivua hedfoni, akaziweka mezani na kusikiliza. Masikio yake yalikuwa yakivuma mfululizo, hasa la kushoto, kana kwamba mtu anashona kwa cherehani chumba cha pili. Chumba cha pili hakikuwa na mtu.

Milembe alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita mjini Bariadi. Kila Jumamosi, akishafua sare na kuchota maji, alikwenda dukani kwa mama yake mdogo, Felisita, aliyechapa barua na kutoa nakala. Duka lilikuwa na kompyuta tatu. Mbili zilikuwa za kazi. Ya tatu, iliyokwisha chakaa, Felisita aliwaachia watoto wacheze gemu kwa zamu, kwa sharti moja: mtu asiguse mipangilio.

Katika gemu aliyoipenda Milembe, askari hutafuta njia ndani ya ghala lenye giza. Adui huja kwa nyuma, na mchezaji humtambua kwa mlio wa mabuti kabla ya kumwona. Asiyesikia hushindwa.

Wiki tatu kabla ya hapo Milembe alikuwa amevunja sharti. Alifungua mipangilio ya kadi ya sauti, yaani kifaa kilicho ndani ya kompyuta kinachotoa sauti, akakuta picha nne: hedfoni, spika mbili, spika nne na spika sita. Alichagua spika sita bila kusita. Msimu wa pamba vikundi vya ngoma hushindana uwanjani, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Tangu vikundi vianze kukodi vyombo vya muziki, Milembe alikuwa ameona mwaka hadi mwaka kwamba watu hukimbilia kwenye spika nyingi.

Tangu siku hiyo hakusikia tena mabuti ya nyuma. Aliongeza sauti. Nje yalipita magari ya makampuni ya kununua pamba, kila moja likitangaza bei yake kwa kipaza sauti, naye akaongeza tena mpaka mwisho. Jumamosi ya kwanza masikio yalivuma hadi jioni. Ya pili na ya tatu yalivuma hadi Jumapili, akiwa kanisani. Sasa hakujua yangeacha lini.

Alimfikiria babu yake Januarius, aliyefanya kazi miaka ishirini na sita kando ya mashine za kuchambua pamba. Ili kuzungumza naye ilibidi kwanza kumgusa bega. Watu walipocheka, babu alitazama nyuso zao, kisha akacheka baada yao. Darasani Milembe alikuwa amekwisha kuhamia dawati la mbele, akisema haoni ubao vizuri.

Method, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akisubiri zamu, alikuwa amemtazama akipigwa mara tano.

"Siku hizi unakufa kama kuku wa Krismasi," alisema. "Jitu linakuja na mabuti, wewe umetulia tu."

"Nina mafua."

"Mafua ya masikio?"

Milembe alisukuma kiti nyuma, akainuka. Kama angesema, angepoteza Jumamosi zake. Kama angenyamaza, labda angepoteza kitu kisichorudi. Alikwenda hadi kwenye meza ya Felisita, akasubiri amalize mstari aliokuwa akichapa.

"Mama mdogo, nafikiri nakuwa kiziwi."

Felisita hakugomba. Aliuliza tangu lini, sikio lipi, sauti zipi hazisikiki. Milembe alijibu yote. Kisha akaulizwa ni kitu gani alibadilisha kabla hayo hayajaanza. Akaenda kumwonyesha picha ya spika sita.

Felisita alimvalisha Method hedfoni, akapunguza sauti, akamwambia acheze. Method naye alipigwa kwa nyuma. Akakiri kwamba hakusikia buti hata moja.

"Basi si masikio ya Milembe," alisema Felisita, akamgeukia Milembe. "Uliiambia kompyuta ina spika sita. Sauti za nyuma inazipeleka kwenye spika za nyuma, na hapa hakuna spika za nyuma. Ungeongeza sauti mpaka kesho, zisingekufikia."

Alichagua picha ya hedfoni na kuiacha sauti chini ya nusu. Milembe alivaa, akasikia mabuti nyuma yake, upande wa kulia. Alitabasamu, lakini mvumo ulikuwa palepale. Felisita alimwambia kwamba mabuti yalikuwa kosa la kompyuta, bali mvumo ule ulikuwa wa sikio lenyewe, na sikio halitengenezwi dukani.

Jumatatu walikwenda zahanati. Nesi Nyanjige alimulika masikio yote mawili, akasimama hatua chache nyuma ya Milembe na kunong'ona tarakimu kumi. Milembe alizitaja sita. Nesi alimkataza hedfoni kwa wiki mbili.

"Sikio likivuma linakuonya," alisema. "Likichakaa halina kipuri, hata mjini Mwanza hutakipata. Ungesema siku ya kwanza, mama yako mdogo angebadilisha picha moja tu, mambo yakaisha. Ulificha kosa dogo kwa wiki tatu, na kila wiki uliliumiza sikio upya. Kuanzia sasa, kitu usichokijua uliza, na ulichokosea sema mapema."

Alimwambia pia kwamba hawezi kumwahidi chochote kabla ya kumpima tena.

Wiki mbili hizo Milembe alilala akisikiliza mvumo, akiamka anausikiliza tena. Siku ya tisa hakuusikia. Hakumwambia mtu, kwa kuogopa kwamba ungerudi.

Jumatatu ya tarehe 28 Agosti, saa tatu asubuhi, Nesi Nyanjige alisimama tena nyuma yake, akaziba mdomo kwa daftari na kunong'ona tarakimu nyingine kumi. Milembe alizirudia moja moja. Nesi alifungua daftari na kuandika: kumi kati ya kumi.